Toka Hapo, Unaniharibia Picha

Mama Studio aliweza kumwambia mjane alie upande huu, si ule, na mjane akasogea. Niliona kwa macho yangu kule Sagalla, jeneza limeshafika kando ya kaburi. "Pole sana dada," alimwambia, "lakini hapo unapolilia ni jua tupu. Sogea kwa kivuli, watoto wako waje wakuone vizuri." Mjane akasogea, akaendelea kulia, na picha ile mpaka leo imetundikwa sebuleni kwao. Familia nzima inaipenda.

Nilimfanyia kazi miaka mingi pale Voi, katika studio yake iliyobanwa kati ya kinyozi na duka la leso. Yeye alikuwa na kamera na mdomo. Mimi nilikaa kwenye kompyuta nikikata na kuunganisha video. Jina lake la ubatizo alilitumia benki peke yake. Kanisani, sokoni, hata kwa chifu, alikuwa Mama Studio, na ukimwita vinginevyo hageuki. Alikuwa mfupi, mzito wa kiuno, na alivaa koti la mifuko mingi kama la askari wa mbugani, mifuko yenyewe imejaa betri, njugu na matambara ya kupangusia lenzi. Vumbi la Voi ni jekundu na huingia mpaka kwenye chai, na yeye alilichukia kama mtu wa ukoo aliyemkosea.

Hakuogopa cheo cha mtu. Mchungaji akisimama vibaya aliambiwa mbele ya waumini wake. Kuna mheshimiwa mmoja alikuja matangani kutafuta kura, akashika maikrofoni akasahau kuiachilia, na katikati ya hotuba Mama Studio akazima kamera akatangaza kwamba betri imekwisha. Betri ilikuwa imejaa. "Mimi nimekuja kupiga picha za marehemu," aliniambia tukirudi, "sikuja kupiga picha za tumbo la mheshimiwa."

Alikuwa mama wa kanisa, tena wa viti vya mbele. Alipenda pia mbangara, ile pombe yetu ya miwa, na alishikilia kwamba si pombe, ni dawa ya mgongo. Mgongo wake uliuma zaidi tukialikwa milimani, ambako mbangara hutengenezwa na watu wanaojua. Akishakunywa dawa yake alipiga picha vizuri kuliko kawaida, jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa sababu sikutaka kubeba kamera na yeye pia.

Yeye mwenyewe hakupigwa picha. Nilijaribu mara nyingi. Ukimwelekezea lenzi aliinua kiganja kama polisi wa barabarani. "Nani atashika kamera? Wewe? Wewe unakata watu vichwa." Wateja walipoomba apige nao picha moja ya kumbukumbu, alijibu kwamba mpishi hajiweki sufuriani.

Na alikuwa na ugonjwa mwingine: hakufuta kitu. Aliwaambia wateja waziwazi kwamba mtu akifa amekufa, na video ni ya kuringishia majirani. Halafu mimi nikitaka kufuta hata ile picha ya kiatu chake mwenyewe, iliyojipiga kamera ikiwa imening'inia begani, ananijia juu. "Usifute! Wewe ni Mungu?" Basi video zikajaa, kompyuta ikajaa, ikabidi tununue seva ya mtumba kutoka ofisi fulani ya Mombasa iliyokuwa inafungwa. Lilikuwa sanduku jeusi la chuma lenye diski nne, kila moja kwenye kidroo chake, na ndani yake tuliingiza harusi, matanga, ubatizo na kwaya zote kutoka Mwatate mpaka Taveta.

Ni vizuri niseme mapema kitu gani hasa kilikuwa mle ndani, maana utaniona nasimulia habari za mwanamke mzima aliyelinda sanduku kama mayai.

Mumewe ndiye aliyemshikia taa. Alikuwa mrefu, mpole, na miguu yake haikujua pa kukanyaga. Alijikwaa kwenye nyaya, alisimama mbele ya lenzi, alimulika keki bibi harusi akiwa mlangoni, na siku nzima ilikuwa ni kufokewa. Halafu akaugua ghafla, akafariki. Familia ilipokuja kuomba picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi, ikagundulika kwamba mwanamke aliyepiga picha za wilaya nzima hana ya mume wake. Ikawekwa ya kitambulisho, amekodoa macho kana kwamba ameshikwa na polisi. Mama Studio aliishika ile programu siku nzima na hakutoa neno, na mimi nilimwogopa zaidi siku ile kuliko siku zote alizonipigia kelele.

Baada ya mazishi nikakumbuka harusi moja ya Mwatate, ile iliyonyeshewa. Nilikuwa nimekata kipande kabla ya kuwapa wenyewe video yao, lakini kwa vile hatukufuta kitu, mkanda mzima ulikuwa kwenye seva. Nikamwita Mama Studio, nikamwonyesha. Bibi harusi anaingia hemani. Mara mume wa Mama Studio anapita mbele ya lenzi na taa begani, amelowa chepechepe, na sauti ya Mama Studio inalipuka: "Toka hapo, mjinga wewe, unaniharibia picha!" Anageuka. Anatazama lenzi, anacheka, anainua mkono kama anayesalimia, kisha anatoka polepole kama hana haraka yoyote. Basi, hicho tu.

"Umeona vile alikuwa ananisumbua?" akasema, akatoka nje.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua mlango, alikalia kiti changu akafungua mkanda ule. Ukimuuliza, anakagua rangi. Jamani, rangi za harusi ile zimekaguliwa kuliko rangi za harusi yoyote Kenya hii.

Sasa kitambaa. Mama Studio alikuwa mfumaji, na kila kitu chenye mgongo wa kukalia kitambaa kilivalishwa: viti, redio, printa, mtungi wa maji. Seva ilipoletwa aliipima kwa mikono, na wiki haikuisha kabla hajailetea vazi jeupe lenye maua ya rangi ya chungwa, limeikaa mwili mzima, mbele, nyuma na ubavuni. Nikamwambia mashine inahitaji kupumua. Akaniuliza kama vumbi la Voi nalijua au silijui. Tukaishi hivyo: asubuhi mimi nakivua, nikienda kula yeye anakivisha.

Nikapata ruhusa ya kwenda nyumbani kwetu kwa shughuli za mahari ya dada yangu. Nikiwa huko, ndani ya studio kitu kikaanza kulia: pii, pii, pii. Kila mtu Kenya anajua nyumba ikilia hivyo tokeni za stima zinakaribia kwisha. Mama Studio akanunua tokeni, akaingiza kwenye mita. Pii, pii. Akanunua nyingine. Pii, pii. Akaamua basi ni mita ya kinyozi inayosikika kupitia ukutani, akamwendea akamwambia asiwe bahili, anunue tokeni watu wapumzike. Kinyozi, mtu mzima mwenye wake wawili, akanunua, kwa sababu na yeye alimwogopa. Pii, pii. Ikafuata simu kwa watu wa stima, na maneno aliyowaambia hayawezi kuandikwa na mtu aliyelelewa vizuri.

Niliporudi nilisimama mlangoni nikasikiliza. Nikaenda moja kwa moja kwenye seva, nikaweka sikio juu ya maua ya chungwa.

"Mama," nikasema, "hii si mita."

Nilipovua kile kitambaa joto lilinipiga usoni kana kwamba nimefunua sufuria ya wali. Mbele ya sanduku taa ya onyo ilikuwa inawaka, na rangi yake ilifanana na maua yale kabisa, kiasi kwamba hata angechungulia kupitia nyuzi asingeiona. Nikawasha skrini. Diski moja ilikuwa imekufa.

Nikamweleza kwa lugha ya nyumbani. Diski ni nne, na zimepangwa kwa namna ya kushikana: moja ikifa, tatu zilizobaki zinajua ilichokuwa imebeba na zinaweza kuijazia pengo mpya ikiletwa. Zikifa mbili, hatuna kitu. Hatuna matanga, hatuna harusi.

"Ile ya Mwatate je?" akauliza.

"Hata ile."

Akakaa. Sijawahi kumwona akikaa bila kupangusa kiti kwanza.

Utauliza nakala ya akiba ilikuwa wapi. Akiba ilikuwepo, diski ya pembeni ya kubebeka, lakini mpwa wake aliiazima akaijaza sinema za Kikorea. Nikajaribu kuuvuta ule mkanda wa Mwatate haraka niuweke kwenye kompyuta yangu. Seva ikaanza kukwama, ikigugumiza, nikaacha mara moja, maana kuibebesha mzigo katika joto lile ni kuimaliza.

Kazi ya kwanza ikawa kuijua maiti ni ipi. Skrini ilisema diski ya tatu. Kwenye vidroo palikuwa na namba, Mama Studio aliziandika mwenyewe kwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, kwa hivyo nikashika kidroo chenye tatu nikajiandaa kukivuta.

"Ngoja," akasema. "Hiyo si tatu."

"Imeandikwa tatu, mama."

"Ilikuwa tatu. Nilizihamisha."

"Ulizihamisha vipi?"

Ikatoka polepole. Kila mwisho wa mwezi, mimi nikiwa sipo, alizima mashine, akatoa vidroo vyote, akapangusa vumbi, kisha akavirudisha kwa kubadilishana nafasi. Kila mmoja apate upepo. Kwao milimani magunia ya mahindi ghalani hufanyiwa hivyo, la chini linaletwa juu, la ukutani linaletwa mlangoni, la sivyo moja litaoza peke yake. Tena alikuwa anajivunia. Miezi yote hiyo seva ilimvumilia, kwa kuwa mashine za aina ile hutambua diski zake popote zilipo, lakini mimi nilikaribia kutoa nzima nikaacha iliyokufa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

"Niachie mimi," akasema. Akapitisha mgongo wa mkono wake kwenye vidroo kama anayepima homa ya mtoto. Kimoja akakirudia. "Huyu hapa amepoa. Huyu ndiye. Mimi nimekaa na maiti wengi kuliko wewe."

Alisema kwa uhakika mkubwa, na kwa kweli nilitamani kumwamini. Lakini kila diski ina namba yake ya kiwandani, imebandikwa ubavuni ambako huioni mpaka uitoe, na skrini ilikuwa imenipa namba ya iliyokufa. Njia salama ilikuwa kuzima mashine yote, kuzitoa moja moja na kusoma.

"Ukiizima, itaamka?"

"Labda."

"Labda ni jibu gani hilo? Ningekuuliza kama bibi harusi anakuja ungeniambia labda?"

"Mama, imechemka, na diski ni za zamani. Zikipoa zinaweza kugoma. Lakini nikitoa isiyo yake ikiwa inawaka, basi tumemaliza sisi wenyewe."

Akatazama kiti changu, pale anapokaaga Jumatatu. "Zima," akasema. "Na ukiniulia huyo mtu mara ya pili, utatafuta kazi kwa dada yangu Chala, ya kufukuza nyani shambani."

Nikazima. Nikatoa ile aliyoichagua yeye, nikasoma namba. Ilikuwa nzima. Ilikuwa imepoa kwa sababu ilikaa karibu na feni. Nikamwonyesha, akasoma mwenyewe akiwa ameshusha miwani, akasema diski ni viumbe wanafiki. Ya mwisho niliyoitoa ndiyo ikawa yenyewe, ile yenye namba moja kubwa nyeupe.

Diski mpya ikaja na parseli ya basi kutoka Mombasa siku iliyofuata. Nikaifunga kwenye kidroo, nikaisukuma mpaka ikalia ka, nikabonyeza kitufe. Mama Studio alikuwa amegeukia ukuta. Feni zikavuma, diski moja ikaamka, ya pili, ya tatu, na ile mpya. Skrini ikaandika kwamba inajenga upya, na kwamba itachukua mchana kutwa na zaidi. Nikamwambia hatari haijapita, huu ndio wakati zile tatu za zamani zinafanya kazi ngumu kuliko zote, na stima ikikatika tutajua hatujui.

Hapo akachukua usukani. Kinyozi akaamriwa asiwashe mashine yake, asije akaangusha fyuzi, na mzee mmoja akatoka pale amenyolewa upande mmoja. Feni ya kumpepea mteja ikaletwa kumpepea mgonjwa. Kisha akaandika kwenye karatasi akabandika mlangoni: STUDIO IMEFUNGWA. KUNA MGONJWA NDANI.

Nilimwonya. Hakusikia. Haikupita saa wakaanza kuja. Mwenye duka la leso alitangulia, mama wa Kipwani aliyehamia Voi na heshima zake zote, na chupa ya maziwa mkononi. "Pole mwaya," akasema mlangoni. "Huyo mgonjwa yuwaendeleaje?"

"Anajikaza," Mama Studio akajibu. "Daktari anasema tusubiri kesho."

Daktari nilikuwa mimi, na mdomoni nilikuwa na mandazi. Wakaja akina mama wa kanisa na sukari na ndizi. Wakauliza kama wanaweza kumwona. Mama Studio akasema hawezi kusumbuliwa, lakini waombe tu, jina lake Mungu analijua. Wakasimama pale mlangoni wakaomba kwa Kidawida, lugha ya kwetu, na kwa Kiswahili, wakamwombea mgonjwa apate nguvu, damu yake itembee vizuri, aendelee kuwakumbuka watu wake. Nilijiuma ulimi nisicheke. Nikamtazama Mama Studio nipate mwenzangu wa kucheka, nikakuta amefumba macho, mkono mmoja ameuweka juu ya sanduku, na machozi yanamtoka. Nikaacha kucheka.

Taa ikawa ya kijani kesho yake, chai ya saa nne ikiwa mezani. Hakusema asante. Alikalia kiti changu, akafungua mkanda wa Mwatate, akautazama mpaka mwisho. Hemani, mvua, taa begani, ule mkono.

"Rangi ziko sawa," akasema.

Siku hiyohiyo nilitengeneza nakala. Moja ikaenda kwa dada yake Chala, moja ikabaki kwangu, na nyingine iko kwenye flashi ndogo ndani ya jalada la Biblia yake. Akina mama wa kanisa waliambiwa mgonjwa amepona na amesafiri. Kitambaa nacho alikifumua, akakifuma upya na matundu mbele ya taa na nyuma kwenye feni, akaniuliza kama sasa nimeridhika au nataka na mfuko wa suruali.

Mgongo ulipozidi kumuuma, hata mbangara ikashindwa, akaniachia studio akahamia kwa dada yake kule Chala. Akalima vitunguu. Alipiga simu kuniuliza kama nafuta vitu, nikamwambia sifuti, akakata.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa harusini, Mwatate tena, kwenye uwanja wa kanisa. Nilikuwa nyuma ya kamera, jicho kwenye lenzi, bibi harusi ndio anateremka kwenye gari, wakati huo mmoja ambao huwezi kuomba urudiwe. Mara bibi mmoja mwenye fimbo na leso kichwani akaingia katikati ya picha akasimama. Akanipa mgongo. Bibi harusi mzima akamezwa na leso.

Sikufikiri. Mdomo ulifoka wenyewe. "Mama! Toka hapo, unaniharibia picha!"

Akageuka. Hakunitazama mimi, alitazama lenzi. Akacheka, meno machache yaliyobaki yote nje, akainua mkono wenye fimbo kama anayesalimia mtu wa mbali. Kisha akatoka polepole, polepole sana, kama hana haraka yoyote. Bibi harusi alikuwa ameshapita. Sikuzima kamera, na sikuona tena vizuri kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa maji.

Nilimkuta baadaye kwenye foleni ya chakula, ametangulia watu wote, sahani yake imejaa kimanga, ule muhogo wetu wa kupondwa na maharagwe.

"Umepata?" akaniuliza.

"Nimepata, mama."

"Hukunikata kichwa?"

"Sikukata."

"Hao wenye harusi wakatie yao." Akatafuna kwanza, akameza. "Yangu weka kwa seva, karibu na ya yule mjinga."

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua mlango, nilivua kitambaa, nikahesabu taa za kijani, nikakaa kwenye kiti changu. Nikafungua mkanda wa kwanza, kisha nikafungua wa pili. Kinyozi akagonga akitaka kuazima chaja, akaniuliza nafanya nini gizani peke yangu.

Nikamwambia nakagua rangi.